Kata Kipande Kwanza, Ndipo Uvunje Ukuta

Katikati ya Julai 1975, baridi kali ilishukia mashamba ya kahawa ya jimbo la Paraná, kusini mwa Brazil, na kuiunguza mikahawa kwa mamilioni. Bei ya kahawa duniani ikapanda, na kufikia mwaka wa 1977 ilikuwa imefika kiwango ambacho wakulima wa Kenya hawakuwahi kukiona. Embu na Meru, pamoja na Kisii, ndiyo maeneo ambako Waafrika waliruhusiwa kwanza kulima kahawa, katika miaka ya 1930, kwa hiyo neema hiyo iliwakuta wakiwa na mikahawa iliyokomaa na vyama vya ushirika vilivyoijua kazi. Watoto walisomeshwa. Ng'ombe wa gredi walinunuliwa. Nyumba za mbao na udongo zikaanza kuzipisha nyumba za mawe, zenye paa la mabati, tangi la maji na, kwa waliojiweza, mabomba ya chuma yaliyofukiwa ndani ya plasta.

Mabomba hayo sasa yana karibu nusu karne. Waliojenga wengi wamezeeka au wametangulia mbele ya haki, na nyumba ziko mikononi mwa watoto na wajukuu ambao hawakumwona fundi akiyapitisha, wala hawajui yanakata kona wapi. Kila baada ya miezi michache doa la unyevu linatokea ukutani, fundi anaitwa, plasta inabomolewa, kipande kinabadilishwa, rangi inapakwa. Kisha doa lingine linachomoza mita mbili kutoka pale. Hapo ndipo swali linapokuja mezani: tuendelee kuziba, au tung'oe yote?

Swali hilo haliko kwa wenye nyumba za kahawa pekee. Embu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi mikoa ilipovunjwa na kaunti kuchukua nafasi yake mwaka wa 2013, na kwa miongo mingi serikali ilijenga pale nyumba za maafisa wake, zote kwa mabomba ya chuma. Meru nako kuna majengo ya tangu ukoloni, likiwemo la makumbusho ambalo zamani lilikuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Halafu kuna ploti za kupangisha za Makutano na Gakoromone, na nyumba za walimu katika shule kongwe. Yeyote anayenunua au kurithi jengo la kabla ya miaka ya 1990 katika miji hii miwili, karibu hakika anarithi chuma.

Chuma chenyewe ni kile mafundi wanachokiita GI: bomba la chuma lililochovywa katika zinki. Kazi ya zinki ni kuliwa. Mradi ipo, huliwa yenyewe na kukilinda chuma kilicho chini yake. Ikiisha, kutu inaanza kazi yake. Makadirio ya kawaida ya wahandisi ni kwamba bomba la aina hii hudumu miaka 40 hadi 50 ndani ya nyumba, lakini hayo ni makadirio ya jumla, na bomba haliishi kwa jumla. Unene wake una maana kubwa. Kwa viwango vya Uingereza vilivyofuatwa hapa kwa muda mrefu, bomba jembamba huwa na pete ya rangi ya kahawia, la kati pete ya buluu, na zito pete nyekundu. Mjenzi aliyebana matumizi mwaka wa 1978 akachukua lenye pete ya kahawia aliwaachia wanawe miaka pungufu ya furaha kuliko jirani aliyeongeza shilingi akachukua la buluu. Pete hizo bado huonekana mara nyingine katika vipande vilivyokaa darini, mahali ambapo jua na mvua havikufika.

Kuna mambo matatu ya Meru na Embu yanayofupisha maisha ya chuma, na ni vyema mwenye nyumba ayajue kabla ya kumlaumu aliyejenga.

La kwanza ni maji yenyewe. Kampuni ya maji ya Embu, EWASCO, huchota kutoka mito inayoteremka Mlima Kenya, hasa Rupingazi. Upande wa Meru, MEWASS nayo hutegemea mito na chemchemi za mlima huo huo. Maji hayo hupita juu ya miamba ya volkano na kubeba madini machache sana. Mama anayefua anaijua sifa hiyo bila maabara: sabuni kidogo tu, povu tele. Ni maji mazuri kwa kunywa na kufulia, lakini kwa bomba la chuma ni makali. Maji yenye chokaa huacha utando mwembamba ndani ya bomba, na utando huo hulikinga. Maji laini hayaachi utando wowote. Huigusa zinki moja kwa moja, siku baada ya siku, na kuimaliza. Ndiyo maana bomba la umri uleule linaweza kuwa zima huko nyanda kame za Mbeere, ambako visima vingi vina maji mazito ya chumvi na shida ya watu ni magamba meupe ndani ya sufuria, huku la Embu mjini likiwa limetoboka.

La pili ni udongo. Ule udongo mwekundu unaootesha chai, kahawa na miraa kwenye miteremko ya Mlima Kenya na ya vilima vya Nyambene una asidi. Bomba lililozikwa ndani yake bila kuvishwa chochote huliwa kutoka nje wakati maji yanalila kutoka ndani. Kwa sababu hiyo kipande kati ya mita na nyumba, kile kinachopita chini ya ua au shamba la ndizi, mara nyingi ndicho hufa kwanza.

La tatu ni mgao. Bomba lililojaa maji muda wote huliwa polepole kuliko lile linaloloa leo na kukauka kesho, kwa kuwa kutu inahitaji maji na hewa pamoja. Kila maji yanapokatika, hewa inaingia. Yakirudi, yanakuja kwa kishindo na kubandua magamba ya kutu. Zaidi ya hayo, bomba tupu lenye tundu chini ya ardhi hufyonza tope la nje kuliingiza ndani. Familia inayosema maji huwa machafu kila baada ya mgao haijakosea, na tope hilo laweza kuwa limeingilia katika ua wao wenyewe.

Dunia ilipewa somo la kemia hii katika mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014, viongozi wa mji huo walibadilisha chanzo cha maji ili kuokoa pesa, wakaanza kutumia mto Flint bila kutia dawa ya kuzuia maji yasiyale mabomba. Mabomba yalikuwa yaleyale ya miaka yote. Maji mapya yaliuvua utando wa ndani, na risasi iliyokuwa katika mabomba ya zamani ikaingia katika vikombe vya watoto. Nyumba nyingi za Kenya zilijengwa kwa chuma cha GI na si risasi, kwa hiyo hofu ya Flint isihamishiwe hapa jinsi ilivyo. Hata hivyo, zinki ya zamani nayo ilikuwa na chembe za risasi ndani yake. Jambo la kuchukua kutoka Flint ni kwamba umri wa bomba peke yake hautoshi kuamua. Lazima uulize linapitisha maji gani.

Sasa, mwenye nyumba aanzie wapi?

Aanzie na vitu vya bei nafuu. Maji yakipungua nguvu jikoni, jambo la kwanza ni kufungua kile kichujio kidogo kwenye mdomo wa mfereji na kukisafisha, maana mara nyingi hujaa mchanga wa msimu wa mvua. La pili ni kuangalia koki za kufungia maji, hasa zile za gurudumu, ambazo ulimi wake wa ndani hukatika ukabaki umeziba nusu ya njia huku gurudumu likizunguka kama kawaida. Kuna nyumba zilizovunjwa kuta kwa sababu ya koki moja mbovu, na hilo linaumiza zaidi kwa sababu lingeweza kuepukwa kwa dakika kumi za kazi.

Kama koki ni nzima, chukua jerikeni ya lita 20 na saa. Ijaze kwenye mfereji wa nje ulio karibu na mita, kisha uijaze kwenye mfereji wa mwisho kabisa wa nyumba, ambao kwa kawaida ni wa bafu la nyuma. Wa nje ukichukua dakika mbili na wa ndani ukichukua saba, kampuni ya maji haina kosa. Njia imebanwa ndani ya nyumba yako. Yote miwili ikisuasua, hiyo ni presha ya barabarani au tangi lililowekwa chini mno. Ikumbukwe kwamba maji huhitaji kimo cha mita 10 ili kutoa presha ya bar 1. Tangi lililokaa mita tatu juu ya bafu linatoa theluthi ya hapo au pungufu, na mfumo wenye presha ndogo hivyo hausamehi bomba lililobanwa.

Rangi ya maji nayo inasema mengi, ila isomwe asubuhi. Glasi ya kwanza kabla ya mtu yeyote kufungua mfereji, ikiwa ya hudhurungi kisha ya tano ikawa safi, inaonyesha kutu ya mabomba ya nyumba, iliyokuwa ikiyeyuka usiku kucha katika maji yaliyotulia. Maji yakiwa na tope mchana kutwa, na ya jirani yakawa hivyohivyo, tatizo liko mtoni au kwenye bomba kuu, na kubadilisha ya nyumbani hakutasaidia lolote. Yakiwa mekundu upande wa maji moto tu, shuku tangi la kuchemshia na bomba linalotoka humo, kwa sababu joto huharakisha kutu, na maji yakizidi nyuzi 60 ile zinki inaweza kuacha kabisa kukilinda chuma.

Kipimo cha mwisho kabla ya msumeno ni mita. Funga mifereji yote usiku, andika tarakimu, rudi baada ya saa moja. Zikiwa zimesogea, maji yanavuja. Kisha funga koki kuu iliyo karibu na ukuta wa nyumba na urudie. Zikiendelea kusogea, tundu liko chini ya ua. Zikitulia, liko ndani ya kuta. Uvujaji wa lita moja kwa dakika, ambao ni mchirizi mdogo tu, ni lita 1,440 kwa siku, yaani jerikeni 72, na kwa mwezi ni zaidi ya mita 43 za ujazo. Mteja analipia kila tone la hayo, kwa kuwa upande wa kampuni huishia kwenye mita. Kinachotoboka baada ya hapo ni cha mwenye nyumba.

Baada ya hayo yote, lipo jambo moja ambalo linazidi maoni ya fundi yeyote, awe mkweli au mwenye tamaa. Kata kipande. Chagua mahali ambapo bomba liko wazi, darini au nyuma ya nyumba, kata urefu wa shubiri moja, na kutoka upande wa maji moto ukate kingine. Vigonge chini, vitazame dhidi ya mwanga.

Bomba la nusu inchi likiwa jipya lina nafasi ya karibu milimita 16 ndani, mahali pa kupitisha kidole kidogo. Lililozeeka vibaya huwa na vinundu vya rangi ya chungwa na nyeusi vilivyoota kila upande, vigumu kama ukoko wa chungu, na katikati inabaki njia ya kupenya penseli, mara nyingine si ya duara hata kidogo. Ukikwangua kinundu kwa bisibisi, chini yake utakuta shimo jembamba linaloelekea nje: hapo ndipo doa la ukutani la mwaka ujao litakapotokea. Hesabu za wahandisi zinaonyesha kwamba kipenyo kikipungua kwa nusu, maji yanayopita kwa presha ileile hushuka hadi karibu sehemu moja ya sita. Hakuna pampu wala tangi refu linaloweza kushindana na hesabu hiyo kwa muda mrefu, na kuongeza presha kwenye bomba lililoliwa ni kulialika lipasuke.

Upande wa pili wa ukweli pia usemwe. Kipande kikitoka na utando mwembamba tu wa kahawia, ukuta wake ukiwa mnene pande zote na uzi wa maungio ukiwa imara, bomba hilo liachwe. Zipo nyumba za miaka ya 1970 ambazo zilipewa chuma kizito, hazikukosa maji mara kwa mara, na mabomba yake bado yana miaka ya kufanya kazi. Mwenye nyumba kama hiyo akabadilishe kile kilichozikwa uani, akabadilishe upande wa maji moto kama umeonekana mbovu, na fedha zilizobaki azielekeze penye shida. Kung'oa bomba zima ukutani kwa sababu jirani amefanya hivyo ni hasara tupu.

Lakini vinundu vikiwa vimejaa, kuziba kipande kimoja kimoja ni gharama inayojificha. Kila uzibaji una fundi, simiti, vigae visivyopatikana tena dukani, na rangi isiyolingana na ukuta mwingine. Kibaya zaidi, kufungua uzi wa zamani kwa spana kubwa hutikisa maungio jirani, na chuma kilichochoka hupasukia huko. Msimamo wa makala haya ni huu: bomba likitoboka mara ya kwanza, ziba na ukate kipande cha kuchunguza, likitoboka mara ya pili mahali pengine, acha kuziba, anza kupanga kubadilisha yote.

Kupanga si lazima kuwe kubomoa kila kitu kwa wiki moja. Wengi hufaulu kwa awamu: kwanza bomba la uani, kisha maji moto, kisha jikoni na bafu. Mabomba ya zamani si lazima yatolewe ukutani. Hukatwa, huzibwa na kuachwa humohumo, na mapya hupitishwa darini na kushuka nyuma ya kabati au kwenye kona ambako yakivuja yataonekana. Nyumba nyingi za zamani za Meru na Embu zina dari ya mbao yenye nafasi tele juu yake, na hilo ni bahati kwa fundi.

Kwa upande wa vifaa, hadiwea za miji yote miwili sasa zimejaa plastiki. Kutoka kwenye mita hadi nyumbani, bomba jeusi la HDPE linalouzwa kwa mzingo linafaa, kwa sababu halina maungio mengi, udongo wa asidi hauliwezi, na weusi wake hulikinga na jua. Ndani ya nyumba PPR ndiyo imeshika soko, ile ya kijani au nyeupe inayouzwa kwa vipande vya mita nne na kuunganishwa kwa moto. PVC ya gundi ni nafuu lakini isipewe maji moto.

Hapa pana mtego ambao wengi huuingia. Dukani PPR ya milimita 20 huuzwa kama ndugu wa nusu inchi. Milimita hizo, hata hivyo, hupimwa nje. Ile ya daraja la PN20, yenye ukuta mnene, ina nafasi ya milimita 13 na ushei tu ndani, pungufu ya zile 16 za chuma kipya. Nyumba inayotegemea tangi la juu ya paa ikiwekewa ya 20 kila mahali, mwenye nyumba atalipa fedha nyingi kisha ashangae mbona maji bado ni haba. Njia kuu za nyumba hiyo zinahitaji milimita 25 au 32, na ile ya 20 ibaki kwa vipande vifupi vya kuingilia kwenye mfereji mmoja mmoja.

Uunganishaji nao ni kazi ya sekunde. Mashine hupashwa hadi nyuzi 260. Bomba la 20 hukaa kwenye moto sekunde tano, la 25 sekunde saba. Kisha husukumwa moja kwa moja ndani ya kiungo bila kuzungushwa, na kuachwa litulie dakika mbili au zaidi. Fundi anayelichoma kupita kiasi hulisukuma likiwa limelegea, na plastiki iliyoyeyuka hujikunja ndani ikawa pete inayoziba njia. Kwa nje kiungo hicho hupendeza kuliko vingine vyote. Kwa hiyo mwenye nyumba asione haya kumwambia fundi aunganishe viungo viwili vya majaribio, kisha avipasue kwa msumeno vitazamwe. Fundi aliyefuzu mitihani ya ufundi ya NITA hatachukizwa na ombi hilo.

PPR pia hutanuka kwa joto. Kipande cha mita nne kikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 hurefuka kwa karibu milimita 24, na kisipoachiwa nafasi hujipinda na kuvuta maungio. Upande wa maji moto upewe ile yenye nyuzi za kioo au tabaka la alumini katikati. Na isiachwe juani bila kufunikwa, maana miale huifanya ikauke na kuvunjika. Kuhusu bidhaa bandia, alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, huwa na nambari ya kibali chini yake. Ujumbe wenye SM# na nambari hiyo ukitumwa kwa 20023 unarudisha jina la bidhaa na la mtengenezaji. Fanya hivyo ukiwa bado kaunta.

Lipo suala ambalo mafundi wa maji hawalitaji, na ambalo linaweza kuua.

Katika nyumba nyingi za zamani, waya wa ardhini wa stima ulifungwa kwenye bomba la maji. Bomba lilikuwa chuma tupu kutoka bafuni hadi udongoni, kwa hiyo stima iliyopotea ilipata njia ya kushuka ardhini na kukata fyuzi. Mtu anapobadilisha bomba la uani kuweka plastiki, njia hiyo inakatika siku hiyohiyo bila taa yoyote kuzimika wala ishara yoyote kuonekana. Vikibaki vipande vya chuma bafuni, navyo vikaguswa na waya mbovu, vitakaa na stima ndani vikingoja mkono wenye maji.

Sasa kumbuka baridi ya Julai katika miji hii, na zile shawa za umeme zilizofungwa juu ya vichwa vya watu karibu kila nyumba. Shawa ya wati 5,500 kwenye stima ya volti 240 huvuta takriban ampea 23, na waya wake wa kupashia moto umezungukwa na maji yaleyale yanayomwagikia mwili. Wapo watu wengi ambao wamezoea kuhisi ganzi wanapoushika mfereji huku shawa ikiwaka, wakaichukulia kuwa kawaida. Si kawaida, ni onyo. Kabla ya bomba la kwanza la chuma kukatwa, fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, aje apime, afukie ufito wa ardhini wa nyumba yenyewe, afunge swichi ya usalama inayokata stima ikivuja, na aiwekee shawa laini yake kutoka kwenye boksi kuu. Gharama hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi ya mabomba, isiachwe kwa siku nyingine.

Kazi ikikaribia kuisha, mabomba yajazwe maji na kupandishwa presha kwa pampu ya mkono yenye geji, hadi mara moja na nusu ya presha ya kawaida, kabla ya plasta kurudishwa. Sindano ikishuka, kiungo kitafutwe siku hiyo. Na simu iliyo mfukoni ifanye kazi: kila ukuta upigwe picha ukiwa wazi, futi ya kupimia ikiwa imeegemezwa, na picha hizo zihifadhiwe pamoja na hati ya shamba. Mwana atakayetaka kutundika kabati mwaka wa 2050 atajua pa kutoboa.

Uamuzi huu wa kuziba au kung'oa si wa familia pekee. Kampuni za maji nazo huukabili kila mwaka kwa kilomita. WASREB, mdhibiti wa huduma za maji aliyeundwa chini ya Sheria ya Maji ya 2002, huhesabu upotevu wa maji wa chini ya asilimia 20 kuwa mzuri, lakini wastani wa nchi umebaki zaidi ya asilimia 40: maji yaliyosafishwa kwa fedha ambayo ama huvuja au hayalipiwi. Huko Nyambene, Bruda Giuseppe Argese wa shirika la Consolata, aliyeitwa Mukiri na wenyeji, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuyakinga maji ya msitu na kuyashusha kwa mabomba ya mradi wa Tuuru hadi kwa watu wa nyanda kavu chini. Kazi ya namna hiyo haidumu bila fungu la kubadilisha bomba lililochoka, na serikali za kaunti zinapopitisha bajeti, fungu hilo lafaa litengwe kabla ya miradi mipya ya kuzinduliwa kwa utepe.

Kuna jambo lingine ambalo kampuni hizi zinaweza kulifanya kwa gharama ndogo mno. Zina maabara, na hupima maji kabla ya kuyaachilia mjini. Bili ya mteja ioneshe, pamoja na ujazo na deni, kiwango cha asidi cha maji yaliyosambazwa mwezi huo na kiasi cha madini yake. Pia kampuni zieleze mitaa ambayo mgao umezidi. Mwenye nyumba wa Kangaru au wa Kaaga akiwa na takwimu hizo mkononi na kipande cha bomba mezani, ataweza kuamua bila kubahatisha. EWASCO, MEWASS na wenzao wa kaunti jirani wanaombwa waanze na bili ijayo.